Leso Iliyofunga Torati

Kosa lilikuwa langu, nalo lilianzia kwenye pindo.

Mimi ni fundi cherehani. Nilishona Nakuru zaidi ya miaka ishirini, na sasa nashona Irving, Texas, katika duka dogo la kurekebisha nguo karibu na uwanja wa ndege. Wanaume huniletea suruali za suti na kunikumbusha kwamba ndege yao inaondoka saa tisa. Jicho langu haliwezi kupita mbele ya pindo bovu na kunyamaza. Marehemu mke wangu alikuwa akinikataza kuangalia mapazia ya watu tulipokwenda kuwatembelea, maana aliyajua maneno yatakayofuata.

Siku mjukuu wangu alipotimiza siku nane, nilikuwa Pearland nyumbani kwa binti yangu. Binti yangu ni muuguzi katika hospitali kubwa ya Houston. Aliolewa na kijana Myahudi, mpole, mrefu kama mlingoti, ambaye mpaka leo anakula ugali kwa uma, na kabla ya harusi binti yangu akaifuata dini ya mumewe. Mimi ni mtu wa kanisa, tena wa kwaya, sauti ya nne. Jambo hilo nililikasirikia kwa mwaka mzima, kisha nikaona hasira inachosha kuliko kushona shela. Asubuhi hiyo mtoto alikuwa anatahiriwa pale pale sebuleni, mbele ya jamaa wote, kama desturi yao ilivyo.

Mkwe mwenzangu, mama yake kijana, alileta kitambaa cheupe cha kitani cha kumfungia mtoto. Ni mwalimu mstaafu, mfupi, mwenye sauti ya kunyamazisha darasa la watoto arobaini. Tangu tujuane mimi humwita Mwalimu, naye nilimfundisha kuniita Fundi. Tunazungumza Kiingereza, kila mtu na chake. Alikiweka kitambaa mezani kwa heshima, akaenda jikoni kupanga sahani.

Nikaliona pindo lake. Lilikuwa limeshonwa na mtu mwenye haraka, au mwenye hasira, na upande mmoja ulikuwa umefumuka. Wageni walikuwa bado saa nzima na zaidi. Nikakichukua kimya kimya, nikafumua pindo lote, nikalishona upya kwa mkono, nikaridhika. Kisha nikaona kitambaa kina vumbi la sandukuni. Nikakitia kwenye mashine ya kufulia.

Mashine zile zikishafunga mlango, zimefunga. Mtahiri alipofika na mkoba wake, kitambaa cha mtoto kilikuwa kinazunguka majini nyuma ya kioo cha duara, sote tukikitazama, na mlango umegoma kabisa. Mwalimu alisimama mbele ya mashine mikono kiunoni.

"Nani," akauliza, "ameamua kufua saa hii?"

Nikavitazama viatu vyangu.

"Baba, jamani!" binti yangu akasema. "Si ungeiacha tu vile ilikuwa? Sasa tuta-wrap mtoto na nini?"

Hakungoja jibu. Alivuta leso iliyokuwa kwenye mgongo wa kiti, akamzungushia mtoto, akampeleka sebuleni. Mtoto akawekwa juu ya mto, akalia kidogo, akapewa tone la divai tamu, akanyamaza. Watu wakapiga makofi na kuimba. Nikaimba nao sauti ya nne, ingawa sikuujua wimbo.

Leso hiyo ilikuwa ya mke wangu. Ndiyo aliyombebea binti yetu mgongoni. Nilikuwa nimekuja nayo kutoka Irving ili mtoto afunikwe nayo siku mbili tatu kisha nirudi nayo, na nikarudi nayo kweli. Niliifua kwa mkono, nikaikunja, nikaiweka kwenye droo yangu pamoja na vidonge vya kufukuza nondo. Nikadhani yameisha.

Miaka mitatu baadaye Mwalimu akanipigia simu.

"Fundi," akasema, "tunahitaji ile nguo."

Akanieleza. Ukoo wao ulitoka Ujerumani zamani, na huko walikuwa na desturi ambayo si Wayahudi wote wanayo. Kitambaa alichofungiwa mtoto siku ya kutahiriwa hakitupwi. Hukatwa vipande virefu, vinaungwa kichwa kwa mkia viwe mkanda mmoja, na juu yake huandikwa jina la mtoto na baraka: akue kwa Torati, kwa ndoa na kwa matendo mema. Akishatimiza kama miaka mitatu, mtoto hupeleka mkanda wake sinagogi, nao hutumika kulifunga gombo la Torati. Wao wanauita wimpel.

"Na kile cha kitani?" nikauliza. "Kiko hapo kwako, kisafi, tena pindo lake ni zuri sana."

"Pindo lake ni zuri," akakubali. "Lakini mtoto hakukilalia. Kilikuwa kinaogelea."

Nikamwambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba sikutaka kufikiria hata kidogo. Leso huwa jozi. Mke wangu alipofariki Nakuru, karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa bado ofisini hapa, na ningetoka nisingeweza kurudi. Binti yetu naye alikuwa mwanafunzi, mambo yake hivyo hivyo. Mazishi tuliyatazama kwenye simu, picha inakwama, inaendelea, inakwama. Shemeji zangu walimvisha, wakamfunika leso moja ya jozi, na ya pili wakanitumia. Sasa mtu ananiambia nichukue mkasi.

Mwalimu hakunisukuma. Alinialika sinagogi Jumamosi moja nione mambo yenyewe. Nikaendesha gari kwa saa nne kutoka Irving nikiwa nimeshajiandaa kutopendezwa. Lazima nikiri kwamba nilipendezwa, na kwa sababu za kifundi.

Kile kitabu huvaa! Sijapata kuona kitabu kinachovaa vizuri kuliko waumini. Gombo ni ngozi ndefu iliyoviringwa kwenye miti miwili, na ngozi zenyewe zimeshonwa moja kwa nyingine kwa uzi wa mishipa ya mnyama. Hakuna anayegusa maandishi kwa kidole. Msomaji hufuata mistari kwa kijiti cha fedha chenye kimkono kidogo mwishoni. Kusoma kukiisha, mtu mwenye nguvu huliinua likiwa wazi ili wote waone maandishi, kisha huketi nalo. Hapo huja mwingine kulivisha: kwanza mkanda wa kulifunga lisifunguke, juu yake joho la mahameli lenye matundu mawili ya miti, halafu ngao ya fedha, halafu taji. Niliangalia mshono wa joho lile kwa macho yaliyokodoka mpaka Mwalimu akanigusa kiwiko.

"Nao ukoje?" akaninong'oneza.

"Begani kuna fundi amelala," nikamjibu.

Baada ya ibada alinionyesha mikanda ya ukoo wao. Imewekwa rafu ya juu kabisa, maana Houston maji huingia bila kupiga hodi. Wa kwanza ulikuwa wa babu yake, umechorwa simba na ndege na herufi nene, na mishono minne ya kuunga vipande ilionekana wazi. Iliunganishwa vizuri. Nilipitisha kidole juu yake nikafikiri, huyu mama aliyeshona hivi alikuwa na mkono.

Mtu mwingine angeguswa moyo akaenda kukata leso. Mimi nilikwenda Alief, mtaa wa pembeni mwa Houston.

Huko kuna duka la mama mmoja Mkongo, lina unga wa muhogo, samaki wakavu, vitenge mpaka darini, na rafu moja ya leso za Kenya. Nilizichambua moja moja. Ya mke wangu ina maneno haya: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Aliinunua kwa ajili ya shemeji zangu wale wale, waliokuwa wakimsema kwa kuolewa na fundi badala ya karani, na aliivaa kila walipokuja kututembelea. Na chini kabisa ya rafu nikaipata, maneno yale yale, nyekundu iliyokaribiana na nyekundu ya ile yake.

"Papa, iko moya tu ilibakia," mama akaniambia. "Ni ya madame?"

"Ni ya kitabu."

Aliniangalia kama mtu anayetafuta joto la homa usoni mwangu, kisha akanifungia.

Niliifua mara sita kwa maji ya chumvi. Nikaianika kwenye jua la Texas, ambalo halihitaji kuambiwa mara mbili. Ikapauka vizuri. Nikaikata bila hata kupumua kwa nguvu, nikaiunga, nikaikunja pindo pande zote kwa mkono, na nasema bila haya kwamba ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Karibu mita sita, na mishono huioni mpaka uambiwe ilipo. Nikaipeleka Pearland nikiwa na raha ya mwizi aliyepita getini.

Mwalimu aliitandaza mezani. Alivua miwani, akaileta nguo karibu na uso.

"Hii ndiyo aliyoilalia?" akauliza.

"Ndiyo hiyo."

Basi akainama, yule mama mkali, akaweka shavu juu ya kitambaa na kufumba macho. Akasema amekuwa akiogopa kwamba desturi itamfia mikononi, kwa sababu mwanawe hajali sana mambo ya zamani. Sasa mjukuu atakuwa na mkanda kama wa wazee wa ukoo wake. Akanishukuru. Akanikatia keki kipande kikubwa, nami nikakila haraka haraka ili niondoke.

Njia yote ya kurudi nilijitetea. Nguo ni nguo. Pamba ni pamba. Nani amedhurika? Lakini nilijua kitambaa kile hakikuwahi kumwona mtoto, na nilijua yule mama alilaza shavu juu ya uongo wangu. Nilipofika Irving nilifungua droo nikaitoa leso ya kweli ili angalau niiangalie, nijipongeze kwamba iko salama.

Haikuwa salama. Nguo ikikaa imekunjwa muda mrefu hukatika kwenye mikunjo, jambo ninalowaambia wateja kila wiki. Nilipoifungua ilikuwa imeanza kuachia katikati, mpasuko wa urefu wa kidole, na mwingine mdogo pembeni. Haikunuka mke wangu. Ilinuka vidonge vya nondo. Nikakaa kitandani nikalia, mzee mzima, mchana kweupe. Nilikuwa naiua kwa kuitunza.

Jumapili iliyofuata sikwenda kwaya. Nilikuwa mlangoni kwa Mwalimu saa sita, leso kifuani.

"Nimekudanganya," nikamwambia kabla hajanikaribisha. "Ile ni ya dukani. Ya kweli ni hii."

Alinisema. Sitaki kuandika yote. Alinisema kwa dakika kadhaa bila kurudia neno, na nikajua wale watoto arobaini walipitia nini. Alipomaliza nilimweleza habari ya jozi, na ya simu iliyokuwa ikikwama wakati shemeji zangu wanamvisha. Akaketi pole pole.

"Basi usiikate," akasema. "Nakwambia kwa moyo mmoja, Fundi. Tutampeleka mtoto bila mkanda. Mungu ameona mengi."

Nadhani angenishurutisha ningekataa, kwa maana nina kichwa kigumu. Lakini alikuwa ameuacha uamuzi mikononi mwangu, na mikono yangu inajua kazi yake. Nikaitandaza leso mezani kwake. Nikapima ili mipasuko iangukie kwenye mistari ya kukatia, na ikaangukia vizuri.

"Shika ncha hiyo," nikamwambia. "Ivute, lakini usiivute sana."

Akaishika. Nikakata. Mkasi ulipoingia nilitoa sauti, na yeye akatoa sauti, tukatazamana, kisha sijui nani alianza kucheka. Tulicheka mpaka ikabidi niuweke mkasi chini. Vipande vinne, na maneno yote yakabaki mazima kwenye kipande kimoja.

Nikamwambia hicho nitakigeuza maneno yafichwe ndani.

"Kwa nini? Yanasemaje?"

Nikamweleza, na ya shemeji zangu nikamweleza. Mwalimu akagonga meza kwa furaha. "Hayafichwi!" akasema. "Nami nilikuwa na mawifi."

Hata hivyo tulimpelekea rabi auone mkanda kwanza. Nilimtafsiria yale maneno nikiwa na aibu, nikitazama zulia. Rabi alivuta ndevu, akafikiri.

"Hapa kwetu," akasema, "wanasema wakati wa kusoma, na wanalala wakati wa mahubiri yangu. Uacheni kama ulivyo."

Herufi za Kiebrania Mwalimu alizichora kwa chaki, mimi nikazidarizi kwa mashine. Nilianza kutoka kushoto, akapiga kelele kama nimemkanyaga. Nikamwambia sindano haina dini, inaanza popote. Hakukubali. Nikafumua, nikaanza upya kutoka kulia, na nikaona ni kweli, herufi zilikaa kwa adabu zaidi.

Jumamosi ya mtoto ilifika. Asubuhi hiyo binti yangu alikuwa akimfunga viatu kwenye maegesho ya sinagogi.

"Utabeba hii polepole, sawa? Usi-run."

"Okay, Mommy. Can Babu come?"

"Babu ataku-watch. Atakuwa anakuona tu hapo mbele."

Mimi si wa dini yao, kwa hiyo kazi ya kulivisha gombo si yangu, na nilikuwa nimelikubali hilo. Niliketi safu ya tatu, ukingoni kabisa, Mwalimu kando yangu. Baada ya kusoma, gombo likainuliwa, aliyeliinua akaketi nalo, na mtoto akapanda ngazi na baba yake. Mkanda ulikuwa mikononi mwake kama mzigo wa kuni. Ngazi ya mwisho ncha moja ikamponyoka, mkanda ukafunguka wote mpaka chini, mita sita za nyekundu juu ya zulia la buluu, na watu wakacheka kwa upendo. Mtoto naye akacheka. Hakuna aliyemharakisha.

Baba yake akaukusanya, wakaanza kufunga. Mtoto alishika ncha, wakubwa wakazungusha. Niliona jina lake likipita, kisha baraka, kisha MTASEMA MCHANA, kisha ile sehemu iliyochakaa zaidi, mahali ambapo fundo lilikuwa likikaa juu ya kifua cha mke wangu na miguu ya mtoto wetu ikining'inia pembeni. Mzunguko baada ya mzunguko. Wakachomeka ncha. Joho likashuka juu yake, ngao, taji, na nyekundu haikuonekana tena.

Binti yangu alikuwa upande wa pili wa ukumbi. Alinitafuta kwa macho, akaweka mkono kifuani.

Gombo kabla ya kurudishwa kabatini hubebwa kupita kati ya watu. Kila linapopita, walio pembeni huligusa joho kwa ncha ya shali ya maombi au kwa kitabu, kisha hubusu kile walichogusia. Mimi sikuwa na shali, na kitabu nilikuwa nimekiacha kitini. Lilipofika kwetu, aliyelibeba akapunguza mwendo. Mwalimu akagusa kwa kitabu chake, kisha akarudi nyuma hatua moja kunipisha.

Nikanyoosha mkono mtupu, nikauweka juu ya mahameli. Chini yake niliuhisi mkanda, unene wake, mahali mizunguko ilipopandana.

"Mama," nikasema kwa Kiswahili, "wamekuvisha vizuri."

Gombo likapita, watu wakaendelea kuimba. Mwalimu akanisogelea sikioni, akauliza nimesema nini.

"Nimemsalimia mke wangu," nikamwambia. "Safari hii nimekuwepo."